Matandazo ya matuta ya mboga: yachaguliwe na kutunzwa vipi

Kwa anayelima nyanya, mchicha au sukuma wiki kwenye matuta wakati wa kiangazi, matandazo (yaani mabaki ya mimea yanayofunika udongo ili usikauke) yafaayo zaidi, kwa maoni yangu, ni nyasi kavu zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu, kwa sababu zikishakomaa utakuwa umepanda magugu kwa mkono wako mwenyewe. Majani makavu ya migomba nayo ni mazuri, mradi yakatwekatwe vipande ili maji yapenye. Vumbi la mbao lililo bichi lisichanganywe na udongo, kwani vijidudu vinavyoliozesha huchukua naitrojeni ambayo mimea inaihitaji, na majani yake huanza kuwa ya manjano.

Ng'oa magugu na umwagilie tuta kwanza, kisha tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya upana wa vidole vinne kuzunguka kila shina. Nafasi hiyo naisisitiza sana, maana matandazo yenye unyevu yakigusa shina la nyanya huliozesha taratibu, na mkulima hulaumu mbegu bure.

Kila baada ya wiki moja au mbili, inua matandazo kidogo kwa mkono: udongo ulio chini uwe na unyevu na ushikamane ukiufinya. Ukiona vijia vya udongo vya mchwa, yaondoe yaliyoshambuliwa, na unene ukipungua kwa kuoza, ongeza mapya juu yake bila kuyafukua ya zamani.