Propela Shafti: Inavyofanya Kazi na Jinsi ya Kugundua Krosi Iliyokwisha

Propela shafti ni bomba la chuma linalotoa nguvu kwenye giaboksi na kuifikisha kwenye difu ya nyuma, yaani boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Gari likipita shimo, difu hupanda na kushuka na springi zake huku giaboksi imetulia palepale, kwa hiyo pembe na umbali kati ya viwili hivyo hubadilika kila mara. Pembe hubebwa na krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba, na umbali hubebwa na slaidi, yaani sehemu yenye meno inayoteleza kuingia na kutoka.

Krosi ina miguu minne. Kila mguu umevaa kikombe chenye roli nyembamba kama sindano, zikiwa ndani ya grisi. Uchakavu huanzia hapo: sili ikichanika, maji na vumbi huingia, grisi huoshwa, na sindano hubaki zikisaga kutu.

Krosi iliyopinda haizungushi upande wa pili kwa kasi ileile. Huuharakisha na kuuchelewesha mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa difu ndiyo inayofuta kosa hilo, mradi yoki (uma za chuma zinazoshika miguu ya krosi) za pande zote mbili za bomba zielekee sawa. Slaidi ikichomolewa na kurudishwa meno yakiwa yamehama, gari hutetemeka hata kama krosi zote ni mpya.

Mzunguko wenyewe ni wa kasi kubwa. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2 na difu ya uwiano wa 4 kwa 1: kwa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 833 kwa dakika, na propela kama mara 3,330. Ndiyo maana bomba lililobonyea kidogo, au kipande cha chuma cha balansi kilichodondoka, husikika sakafuni na kwenye kiti.

Sikiliza kwanza. Mlio wa kwi-kwi-kwi gari likianza kuondoka, unaoharakika kadiri mwendo unavyoongezeka, ni krosi iliyokauka. Kishindo kimoja unapobadili kutoka mbele kwenda rivasi ni krosi au slaidi iliyolegea, ingawa meno ya difu yaliyochoka nayo hugonga hivyohivyo. Kwa propela ya vipande viwili, mtikisiko wakati wa kuondoka na mzigo mara nyingi hutoka kwenye raba ya senta beringi, ile inayoshika propela katikati. Unga mwekundu kuzunguka kikombe hauhitaji mjadala: krosi hiyo imekwisha.

Kisha pima kwa mkono. Zima injini, egesha pasipo mteremko, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, gia iwe huru na hendibreki iachiwe. Shika yoki kwa mkono mmoja na bomba kwa mwingine, uvizungushe kila kimoja kinyume cha kingine, halafu usukume juu na chini. Propela nzima ikicheza kidogo kwa pamoja, hilo ni pengo la meno ya difu. Upande mmoja wa krosi ukisogea kabla ya mwingine, badilisha. Usingoje: krosi ya mbele ikikatika safarini, propela huangukia barabarani.

Usifungue bolti hata moja kabla ya kuweka alama ya rangi kwenye flenji (sahani ya chuma inayofungwa kwa bolti), yoki na slaidi. Kabari zibaki mahali pake, kwa sababu propela ikitoka, gia ya P (ya kuegesha kwenye gari la otomatiki) haizuii gari tena, na kwenye baadhi ya malori hendibreki nayo hukaa nyuma ya giaboksi. Weka chombo chini ya giaboksi kama slaidi inaingia humo, maana oili itamwagika.

Kwenye kufunga, kosa la kawaida ni sindano moja kulala chini ya kikombe. Kikombe hakifiki mwisho na mfereji wa klipu inayokishikilia hauonekani. Ukiona hivyo usigonge zaidi. Toa, panga sindano upya kwa grisi nzito, kisha sukuma kwa vaisi (jiliwa). Krosi mpya ipinde pande zote bila kukwama. Kama ina nipeli (chuchu ya kupampia grisi), pampu grisi hadi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikibaki kikavu, pindapinda krosi huku ukipampu mpaka kipokee.