Somo: Kutoka kidato cha nne hadi fundi umeme mwenye leseni

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, utasikia mzazi anatafuta fundi wa kumkabidhi kijana "asikae bure". Ndiyo maana ufundi unaonekana adhabu ya kufeli. Somo hili ni la Tanzania, na ni la anayetaka umeme wa majumbani kwa kuupenda.

Hatua ya 1: Usisubiri matokeo. Kwa kawaida fomu za VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) hutoka kati ya mwezi wa nane na wa kumi, masomo yanaanza Januari. Maana yake fomu inapita wakati wewe unakesha na mtihani wa Novemba. Wengi hukosea hapo, kisha wanakaa mwaka mzima mtaani.

Hatua ya 2: Tafuta fundi wa kukushika mkono, hata kama chuo umepata. Kabla hujamfuata, nenda saiti yake ukamtazame. Je, anazima swichi kubwa kabla ya kugusa waya? Testa iko mfukoni au kaiacha nyumbani? Mabomba ya waya ameyalaza mapema, au anakuja kutindua ukuta ulioshapigwa plasta? Ukiridhika, kaeni naye pamoja na mzazi mkubaliane: nauli ya nani, chakula cha nani, posho inaanza lini. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari. Bila hivyo utageuka mbeba zege.

Mwanzoni utatindua, utalaza mabomba na kuvuta waya: wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Uliza kila kitu, hasa rangi. Kwenye nyumba za zamani waya mweusi ni nyutro. Kwenye mfumo mpya wa fezi tatu (nyaya tatu zenye moto: kahawia, nyeusi, kijivu), huo mweusi una moto. Anayekariri rangi bila kupima kwa testa atapigwa shoti siku moja, na volti 230 hazina utani.

Hatua ya 3: Cheti. VETA inakwenda kwa Level 1 hadi 3. Uliyejifunzia mtaani nawe hujatupwa: kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa vitendo na ukifaulu unapewa cheti.

Hatua ya 4: Leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Hapa ndipo pesa ilipojificha. Ili TANESCO iunganishe nyumba, kazi ya ndani inatakiwa iwe ya mkandarasi mwenye leseni. Kinachotokea mtaani ni kwamba kijana anafunga nyumba nzima kwa jasho lake, halafu anamtafuta mwenye leseni agonge muhuri kwenye fomu. Mwenye muhuri anachukua chake bila kukanyaga hiyo nyumba. Kwangu huyo ni hatari kuliko kishoka (fundi wa mtaani asiye na leseni), maana kishoka angalau kaiona kazi. Leseni zina madaraja, la juu ni A. Omba linalolingana na cheti chako, ukaanze kugonga muhuri kwenye kazi ya mikono yako.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi ni binti. Fundi kaniambia wasichana hawapandi darini.*
Dada, huyo mwache, tafuta mwingine. Darini panahitaji mwili mwepesi na macho makini. VETA inapokea wasichana kwenye umeme kama kozi nyingine.

*Shukrani kwa somo. Sisi wa Mombasa je?*
Kwenu Kenya mitihani ya ufundi ni ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), unaanza Gredi ya 3 unapanda hadi ya 1. Leseni ya umeme inatolewa na EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Kutafuta fundi mzuri ni kule kule.

*Nikiingia VETA, ndoto ya uinjinia imekufa?*
Haijafa. Ukiwa na Level 3 pamoja na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu unaotakiwa, vipo vyuo vya ufundi vinavyokupokea, na ukimaliza diploma unaendelea. Safari inakuwa ndefu zaidi, ila njiani unakula.

*Ninunue vifaa gani kwanza? Mzazi kanipa hela kidogo.*
Bisibisi bapa na ya nyota, plaizi yenye mpini wa plastiki mzima, testa, futi ya kupimia. Drili muachie fundi wako. Testa usinunue ya kupangwa chini stendi. Nenda duka la vifaa vya umeme, uijaribu pale pale kwenye soketi yao kabla ya kulipa.