Fuata mkate: jinsi ya kusoma ishara katika riwaya ya vijana

Vijana ninaosoma nao hapa Mombasa, wengi wa kidato cha pili na cha tatu, huja na orodha ya ishara walizokaririshwa: njiwa ni amani, mvua ni baraka, nyeusi ni msiba. Nyeusi ni msiba kwa nani, na mama zetu huenda harusini wamejitanda buibui jeusi? Kitu hupata maana kutokana na kazi kinayoifanya ndani ya hadithi yenyewe. Hivi ndivyo tunavyoitafuta maana hiyo.

1. Chagua kitu cha kushikika. Usianze na “matumaini” wala “uhuru”. Anza na kitu unachoweza kukipata soko la Kongowea asubuhi. Mfano wangu ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008: nchi imegawanywa wilaya, na vijana huchaguliwa kwa kura kuingia mashindano ya kuuana, msichana Katniss akiwa mmoja wao. Wengi hukimbilia ile pini ya ndege anayoivaa Katniss, lakini pini imekwisha kutangazwa kuwa ishara, hadi jaladani. Mimi huchagua mkate.

2. Orodhesha kila unapotokea. Chora safu nne daftarini: ukurasa, nani anao, ameupataje, unaishia kwa nani. Safu ya tatu ndiyo yenye mali. Gale, rafiki wa Katniss, anakuja na mkate aliobadilisha kwa kindi. Kijana wa nyumba maskini anaongeza jina lake kwenye kura ya kifo ili apewe nafaka na mafuta. Hakuna chakula cha bure, na bei mara nyingine ni uhai.

3. Simama kwenye tukio moja, usiondoke haraka. Katniss ana miaka 11. Babake amekufa mgodini, nyumbani hakuna kitu, mvua inamnyeshea akipekua mapipa nyuma ya duka la mwokaji, na mke wa mwokaji amemfukuza. Peeta, mtoto wa nyumba ile, anaunguza mikate miwili makusudi. Mamake anampiga, anamwambia akampe nguruwe. Peeta anamrushia Katniss mikate hiyo bila hata kumtazama.

Uliza: kwa nini mikate iungue? Hapa huwaacha wanafunzi wabishane hadi wachoke. Mkate mzuri ni wa kuuzwa. Ulioungua hauuziki tena, kwa hiyo unaweza kutolewa, ila Peeta ameulipia kwa shavu lake. Ndiyo maana Katniss anabaki na deni linalomkera miaka yote.

Baadaye, kwenye mashindano, Rue, msichana mdogo wa Wilaya ya 11, anauawa, naye Katniss anampamba kwa maua. Watu wa wilaya hiyo, nao wenye njaa, wanamtumia Katniss mkate. Weka matukio haya mawili kando kwa kando uone mkate ulivyosafiri: kutoka kwa kijana mmoja hadi kwa wilaya nzima.

4. Leta kitu chenyewe mezani. Nunua mkate wa mofa, mahamri, mkate wa sinia. Mwulize kila mmoja kwao huliwa upi, na nani huupika. Ndipo wataelewa kwa nini Peeta anaijua mikate ya kila wilaya: wa Wilaya ya 4 wenye umbo la samaki na rangi ya mwani, wa Wilaya ya 11 kama mwezi mwandamo, wenye mbegu. Ukitaka kuwaeleza deni la Katniss, zungumzia sahani ya futari, ambayo jirani hairudishi tupu. Kisha rudini kitabuni upesi. Sahani ile huwaunganisha majirani kwa furaha. Deni la Katniss linamuuma. Tofauti hiyo iandikwe pia.

5. Jaribu kukibadilisha. Weka sarafu mahali pa mkate. Tukio likibaki vilevile, kitu hicho hakikuwa ishara. Mwanafunzi mmoja alisema sarafu haiungui, na kwangu hilo lilitosha.

6. Andika aya. Tukio kwanza, dai baadaye: “Peeta anaunguza mikate ili aweze kuitoa, kwa hiyo mkate hapa unaonyesha wema unaolazimika kujificha.” Dai lisilo na tukio nyuma yake lifute. Aya ikizidi nusu ukurasa, kata mwanzo wake. Maneno ya jumla hupenda kukaa hapo.