Somo: Kutambua sehemu za mmea kwa kazi zake

Wanafunzi wengi hukariri kwamba mzizi uko chini na shina liko juu, kisha hukwama wanapoulizwa kuhusu kiazi. Ni afadhali wajifunze tangu mwanzo kuitambua sehemu ya mmea kwa umbo na kazi yake.

Hatua ya 1. Chimbua mche wa maharagwe na wa mahindi pamoja na udongo wake, kisha uoshe taratibu, kwa sababu kung'oa kwa nguvu hukata vijizizi vyembamba ambavyo ndivyo hasa hufyonza maji na chumvichumvi. Maharagwe yana mzizi mkuu wenye matawi, ilhali mahindi yana mizizi mingi membamba isiyo na mkubwa wao.

Hatua ya 2. Simamisha kitawi chenye ua jeupe katika maji yaliyotiwa rangi. Baada ya muda petali hushika rangi hiyo, kwani shina hupandisha maji. Mirija mingine ndani yake husambaza chakula kilichotengenezwa majanini.

Hatua ya 3. Linganisha majani: vena (mishipa ya jani) za mahindi huenda sambamba, za maharagwe hutandaa kama wavu. Hapa mwalimu asiharakishe. Kwa msaada wa umbijani, yaani rangi ya kijani iliyo majanini, jani hutumia mwanga, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza sukari, na katika kazi hiyo hutoa oksijeni.

Hatua ya 4. Loweka mbegu usiku kucha, kisha uzipasue. Harage lina ghalambegu (jani la kwanza lililo ndani ya mbegu) mbili, hindi lina moja, na tofauti hiyo ndiyo asili ya majina ya makundi mawili makubwa ya mimea itoayo maua. Misonobari haitoi maua bali huzaa mbegu ndani ya koni; kangaga na kuvumwani (hapa ni mimea midogo laini ya kijani, kwa Kiingereza "moss") hazina mbegu kabisa, huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi.

Maswali na majibu

Swali: Kiazi mviringo kiko ardhini, kwa nini kisiitwe mzizi?
Jibu: Kwa sababu macho yake ni machipukizi yaliyopangwa kwenye vifundo, kama ilivyo kwa shina lolote. Kiazi kitamu, kinyume chake, ni mzizi uliovimba kwa kuhifadhi chakula.

Swali: Je, mgomba ni mti?
Jibu: Hapana. Kinachoonekana kama shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Shina halisi hubaki ardhini hadi linaporefuka kupitia katikati yake na kubeba mkungu.

Swali: Na uyoga uko kundi gani la mimea?
Jibu: Hauko hata moja. Uyoga ni kuvu: hauna umbijani, hivyo hujipatia chakula kutoka kwa viumbe vingine, hai au vilivyokufa.