Mpigie mtoto picha ya sikukuu mlangoni

Ikifika Idi, watoto wengi wa Magomeni hutoka picha ile ile: wamesimamishwa wima ukutani, mikono imebanwa mapajani, macho wameyafinya kwa jua la saa saba. Krismasi nayo ni hivyo hivyo, nguo tu ndizo zinabadilika. Mimi ndiye shangazi anayepiga picha kwenye ukoo wetu, kwa simu ya kawaida, na ninachowaambia mawifi zangu kila mwaka ni hiki: studio mnayo nyumbani. Ni mlango wa mbele.

Fungua mlango unaotazama kibarazani, uzime taa zote za ndani. Mtoto akae ndani, hatua moja kutoka kizingitini, uso aelekeze nje. Wewe kaa nje, kando kidogo ili usimzibie mwanga. Mwanga utamfikia ukiwa laini kwa sababu jua lenyewe halimgusi, na sebule nyuma yake itaingia giza: friji, ndoo za maji, rundo la nguo zinazosubiri pasi, vyote vinapotea. Upande mmoja wa uso ukizidi kuwa mweusi, tandika shuka jeupe sakafuni mbele yake. Litarudisha mwanga juu, hadi chini ya kidevu.

Taa zimeni kweli, hata kama ni mchana. Mwanga wa balbu na wa nje una rangi mbili tofauti, na shavu moja litatoka la njano. Tena umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 katika sekunde hiyo. Jicho halioni, ila kamera huona, ikakuchorea michirizi ya giza kwenye picha. Dirisha nalo linafaa, lakini jua likiingia moja kwa moja nondo zitamchora mtoto mistari usoni. Shusha pazia jeupe jepesi. Ukuta wa kijani msogeze mtoto mbali nao, maana rangi yake huruka hadi kwenye ngozi.

Piga asubuhi, watoto wakitoka tu kwenye sala ya Idi, kanzu ingali nyeupe na kofia ingali kichwani. Pilau ikishapakuliwa, umechelewa. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa jua la Dar liko juu ya utosi, macho yanakuwa mashimo na pua inatupa kivuli mdomoni. Aliyekosa asubuhi asubiri saa kumi na moja jioni, na asizubae, maana kwetu jua likishazama giza halichelewi.

Sasa ngozi, na hapa naomba mnisikilize sana. Kamera hutaka picha nzima iwe na mwangaza wa wastani. Ikiona kanzu nyeupe inapunguza mwanga, na uso wa mtoto unazama. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kile kialama cha jua juu kidogo mpaka uyaone macho. Hapo inatosha. Ile sehemu ya kulainisha na kung'arisha ngozi izime kabisa. Mtoto mweusi atoke mweusi, na weusi wake una rangi nyingi ndani yake. Flashi pia achana nayo: bibi akishampaka mafuta, mwanga wa mlangoni unapita shavuni vizuri, lakini flashi inamwekea doa jeupe kwenye paji la uso.

Kabla ya yote hayo, futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Simu iliyoshikwa na watoto siku ya sikukuu ina mafuta.

Kaa chini, lenzi iwe usawa wa macho yake. Usimsogelee mpaka puani, kwa sababu simu ikiwa karibu sana huvimbisha pua. Rudi hatua mbili, uweke zumu ya 2.

Usimwambie acheke, atakuonyesha meno tu. Mpe kazi. Ahesabu sarafu za mkono wa Idi, za mia mbili huku na za mia tano kule. Avae viatu vipya mwenyewe. Dada yake amfunge vifungo vya kanzu. Wewe endelea kubonyeza tu, utachagua baadaye. Kwa mchanga asiyekaa, bibi yake ampakate hapo hapo mlangoni, na anayemwita awe mtu mmoja, nyuma ya bega lako. Shangazi watatu wakiita kutoka pande tatu, mtoto hajui atazame wapi. Wanaotaka kukimbia waacheni wakimbilie uani penye mwanga mwingi. Ndani simu huchukua muda mrefu kunasa mwanga, mikono ikatoka ukungu.

Picha za kuogeshwa zibaki kwenye simu ya mama, zisiende kwenye kundi la ukoo. Nyingine unapozituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kawaida inazibana. Kisha chagua chache kweli kweli, zikasafishwe kwa inchi 4 kwa 6. Nyuma andika kwa penseli laini jina la mtoto, sikukuu na mwaka, bila kukandamiza, kwa sababu ukikandamiza alama hutokeza upande wa uso.