Dawa ya kulegeza misuli na uraka haviendi pamoja
Msimu wa korosho ukifika huku Newala na Tandahimba, migongo inakaza kwa kuinama kutwa. Ukiandikiwa dawa ya kulegeza misuli, muulize daktari kama dozi ya kwanza unaweza kuinywa usiku. Inaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo usiendeshe pikipiki mpaka ujue inavyokuchukua. Uraka, yaani pombe ya mabibo, hata ule mtamu wa asubuhi, uache kabisa: pombe juu ya dawa hii inaweza kupunguza hata pumzi. Soma pakiti pia. Nyingine zimechanganywa na parasetamo, ukiongeza Panadol umezidisha. Kama dawa yako ya misuli ni tizanidini, usiinywe pamoja na sipro (antibiotiki ya siprofloksasini), presha itashuka vibaya. Kama ni baklofeni na umeitumia muda mrefu, usiikatishe ghafla, inaweza kuleta degedege. Vidonge vya jirani mrudishie.