Kabla Mtoto Hajaondoka Mtwara Kwenda Kwenye Theluji

Julai hii kila asubuhi chupa ya mafuta ya nazi kwenye dirisha la jikoni kwangu, hapa Shangani, naikuta imeganda, nyeupe pe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kipupwe chetu, upepo wa kusi ukikaza, hutufikisha kwenye 20 alfajiri. Kwetu hiyo ni baridi ya kumfanya bodaboda avae makoti mawili. Wiki iliyopita mpwa wangu aliishika ile chupa, akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Mjomba, na kule itakuwa hivi hivi?"

Kule anakokusema ni Harbin, kaskazini-mashariki mwa China. Septemba anakwenda kusoma. Januari, wastani wa joto la Harbin ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi 25 na zaidi. Wauza samaki wetu wanaijua hiyo 18, maana ndiyo friza nzuri inayowekwa ili samaki wasiharibike. Basi mtoto atakuwa anatembea ndani ya friza, tena friza yenye upepo.

Nimesoma huko miaka minne. Barua iliyoniita chuoni ilieleza ada, viza na picha ngapi za pasipoti, na kuhusu baridi haikuwa na hata mstari mmoja. Ndiyo maana nawaandikia wazazi na wajomba wenzangu wa Mtwara na Lindi wenye vijana wanaokwenda China, Urusi, Kanada au popote penye theluji. Yapo mambo ambayo mtoto akiyajulia huko, atakuwa ameshaumia.

La kwanza nitalikalia kwa muda, kwa sababu ndilo lililonipata. Baridi inauma. Lakini ikiacha kuuma wakati bado uko nje, usishukuru. Januari ya mwaka wangu wa kwanza nilitembea kutoka kituo cha basi hadi bwenini, kama dakika 20, mzula umepanda juu ya masikio bila mimi kujua. Masikio yaliuma kama yanakatwa kwa wembe. Kisha yakatulia. Nikajiambia, sasa nimeizoea. Nilipoingia ndani, mwenzangu wa chumba akanishika kichwa, akakigeuza kwenye taa, akaniletea kioo. Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa ya kijivu, haina uhai, na nilipoigusa ilikuwa ngumu kama nta ya mshumaa. Kesho yake likavimba malengelenge, wiki mbili baadaye ngozi ikabanduka. Hadi leo kusi ikivuma sikio hilo huanza kuwasha kabla ya jingine.

Kilichotokea ni hiki. Mwili ukipoa, huifunga mishipa midogo ya damu ya vidole, pua, masikio na mashavu ili damu ya moto ibaki kifuani kwenye moyo na mapafu. Viungo vya pembeni vinaachwa vijitegemee. Kwanza vinauma, halafu vinakufa ganzi, halafu maji yaliyomo kwenye nyama yanaanza kuganda. Vitabu vingi vinasema utazame ngozi iliyokuwa nyekundu na sasa imepauka. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mfundishe mtoto kutafuta sehemu iliyofifia kuwa ya kijivu, inayong'aa kama nta, isiyohisi ikiguswa. Tena tafiti zilizofanywa kwa askari wa Marekani na wa Uingereza zimeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao wazungu waliokuwa kwenye mazingira yale yale. Si suala la uvivu wala uoga. Mzungu akimwambia "mbona mimi sijavaa glavu", yeye avae.

Ikitokea, aingie ndani. Asisugue, na asipake theluji kama wazee wa zamani wa huko walivyofanya. Asisogeze kiungo kwenye hita wala moto, maana chenye ganzi hakijui kwamba kinaungua. Kitumbukizwe kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na mtu mwingine ayapime kwa kiwiko chake. Kitauma sana kikianza kurudi, na hayo ni maumivu ya kupokewa. Na kama bado ana safari ya kutoka tena nje, heri akivumilie kilivyo mpaka afike mahali pa kukaa, kwa sababu kiungo kilichoyeyuka kikiganda mara ya pili huharibika zaidi. Kisha hospitali.

Upepo nao haumo kwenye namba anayoiona kwenye simu. Ukitaka mtoto aelewe, mpandishe Newala, msimamishe pale Shimo la Mungu saa moja asubuhi, kipupwe kikiwa kimekolea, akitazama bonde la Ruvuma. Halafu arudi nyuma ya ukuta wa nyumba yoyote. Joto la hewa ni lile lile, ila pale ukingoni upepo unampokonya kile kijoto kidogo kinachokaa juu ya ngozi. Huko aendako, nyuzi 18 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilometa 24 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Nusu saa ni muda wa kungoja daladala tu.

Sasa nguo. Kwenye mitumba yetu makoti mazito ni ya bei ya chini kuliko shati zuri, kwa sababu marobota yanatoka nchi za baridi na hapa hakuna anayeyataka. Nunua moja la kusafiria na la Oktoba. Likunje kiganjani. Likirudi kwa kuvimba, lina uhai. Likibaki limelala, pamba yake imeshakufa. Zipu iende hadi kidevuni, kofia yake ifunike paji la uso. Lakini koti la Desemba na buti vinunuliwe huko huko, maana wenyeji wanauza vya baridi yao. Hapo ndipo pa kupanga fedha mapema. Sisi hapa pesa inaingia korosho zikishaanza kwenda mnadani, Oktoba na kuendelea. Harbin mwisho wa Oktoba usiku maji yanaganda, na Novemba wastani wa siku nzima uko chini ya sifuri. Mtoto asiondoke na nauli na ada peke yake akiambiwa "tutakutumia tukiuza". Fungu la koti na buti liwe mkononi mwake anapopanda ndege.

Na avae kwa tabaka, si koti moja zito juu ya fulana. Ya kwanza ibane mwili, iwe ya sufu au kitambaa kisichonywa maji. Ya pili sweta, ya tatu koti la kuzuia upepo. Kinachomtunza ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Pamba yetu tunayoisifu huku kwenye joto, kule ni adui, kwa sababu inanyonya jasho na haiachii, na maji huondoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa. Jinzi iliyolowa ni kama kuvaa barafu. Kwa hiyo akipanda basi lenye hita afungue zipu kabla hajatoka jasho. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene na vidole kucheza, maana kiatu kinachobana kinazuia damu. Glavu za kuunganisha vidole vinne pamoja zinashinda zile za kila kidole na chumba chake.

Kuna jambo la maji ambalo vitabu vya wenzetu hawaliandiki, nami naliona kubwa kwa watoto wetu wa Mikindani na Kilwa: udhu. Mtoto akitawadha alfajiri, akatoka na uso na miguu vikiwa na unyevu, anajitafutia jeraha. Ajikaushe hadi katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Na dini yenyewe imeweka nafasi: kupangusa juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, zilizovaliwa ukiwa na udhu, mchana na usiku mmoja kwa aliye mjini kwake, siku tatu kwa msafiri. Akae na ustadhi wake aisome vizuri hiyo milango ya fikihi hapa nyumbani, asingoje kuisoma kwenye simu akiwa anatetemeka. Mabinti wa buibui nao walifupishe kidogo lisiburute kwenye theluji, na zile tabaka zote ziwe ndani yake.

Hatari nyingine haionekani kwenye ngozi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili ndiyo inayoanza kutetereka. Mtu anatetemeka kwa nguvu, vidole vinashindwa kufunga kifungo, maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, anataka kukaa chini "apumzike kidogo". Kisha kutetemeka kunakoma. Hapo tena ni ile sheria ya sikio langu: kimya cha mwili ni kengele. Wengine hufikia kuvua nguo wakidhani wana joto. Kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajui, mtoto awe na mwenzake wa kutazamana naye. Akimwona hivyo, amwingize ndani, amvue vilivyolowa, aanze kumpasha kifua na shingo kwa blanketi kabla ya mikono na miguu, ampe chai ya moto ya sukari kama yuko macho na anameza, na apige simu. China gari la wagonjwa ni 120, Ulaya 112, Marekani na Kanada 911. Pombe isiletwe kabisa. Inafungua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia joto wakati joto lake linakimbilia nje.

Naomba sasa niongee na akina mama na akina bibi. Jiko la mkaa. Kwetu mzazi aliyejifungua huwekewa jiko chumbani, na kwa wenzetu wa Njombe na Makete kipupwe kikikaza jiko huingizwa ndani na mlango ukafungwa. Kijana aliyelelewa na desturi hiyo, umeme ukikatika ughaibuni, mkono wake utaenda kwenye mkaa. Mkaa ukiungua kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya hewa safi kwenye damu. Nyumba za huko zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, hivyo gesi nayo haitoki. Februari 2021 baridi kali ilipozima umeme katika jimbo la Texas, Marekani, serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, na miongoni mwao wapo waliouawa na moshi wa vyombo walivyowasha ili wapate joto. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hasa wakiumwa wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja. Watoke nje mara moja, hata kama ni kwenye theluji. Harbin mabweni yanapashwa joto na mitambo ya jiji kuanzia tarehe 20 Oktoba hadi 20 Aprili, kwa hiyo hana sababu yoyote ya kuwasha kitu chumbani. Bibi yake amwambie kwa kinywa chake. Akisikia kwa bibi, atashika.

Hospitali aende kabla ya safari. Kama hajui hali yake ya selimundu, apimwe, maana baridi huamsha yale maumivu makali ya mifupa. Mwenye pumu aongee na daktari kuhusu dawa za kuvuta, kwa sababu hewa kavu ya baridi inabana kifua, na afunike pua na mdomo kwa skafu. Na hili lisisahaulike: akipata homa ndani ya miezi ya mwanzo, daktari wa huko atafikiria mafua, kwa sababu ni msimu wake na malaria haijui. Malaria aliyoambukizwa na mbu wa Mtwara inaweza kumlipukia wiki kadhaa baada ya kufika. Aseme yeye mwenyewe, "Nimetoka eneo la malaria, naomba nipimwe." Asipoijua lugha, iwe imeandikwa.

Mengine ni mepesi. Kwenye barafu atembee hatua fupi, mguu mzima chini kama bata, mikono nje ya mifuko. Mto ulioganda asiukanyage peke yake mwanzoni wala mwishoni mwa msimu. Simu aiweke ndani ya koti, betri huzimika ghafla ikipoa. Desemba jua la Harbin linazama saa kumi kasoro alasiri, na giza hilo linashusha roho. Atoke mchana kila siku, na daktari amwelekeze kuhusu vitamini D, ambayo ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi kwenye jua hafifu.

Jana tumekaa barazani na mpwa wangu, tumekata kadi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho. Upande mmoja anwani ya bweni kwa herufi za Kichina, 120, na namba yangu. Upande wa pili kundi lake la damu, na ile sentensi ya malaria. Mama yake ameishonea mfuko ndani ya koti la mtumba, upande wa moyo, na Novemba akinunua koti jipya kadi itahamia huko.